Wakili, Nyumba Yake na Fimbo ya Intahe

SHERIA NA NYUMBA ZETU: Sehemu ya Tatu

Sehemu ya pili tuliishia katika ofisi ya tarafa, pale bwana na bibi wanapotia saini mbele ya afisa wa ndoa na kutoka na cheti mkononi. Leo tumtazame mtu anayekumbukwa siku cheti hicho kinapogombaniwa: wakili, au avoka kama wasemavyo watu wa mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Wengi humwona kama mtu wa joho jeusi na maneno ya Kifaransa. Lakini kazi ya kusimama kati ya ndugu wawili wanaogombana, hapa Burundi, ni kongwe kuliko joho lolote.

Kabla ya mahakama za serikali palikuwa na bashingantahe. Neno lenyewe linaeleza kazi yao. Kwa Kirundi, gushinga ni kusimika, na intahe ni ile fimbo ambayo mzee huipiga chini anapotoa hukumu. Mushingantahe, basi, ni mwenye kuisimika fimbo ya haki. Hakusomea chuoni wala hakupokea mshahara. Majirani walimtazama kwa miaka, wakapima ulimi wake, mkono wake na subira yake, ndipo akasimikwa hadharani, pombe ikanywewa na kilima kizima, yaani kijiji, kikashuhudia.

Kipimo kimoja kilitangulia vingine: nyumba yake. Mwanamume asiye na mke na mji wake hakupewa fimbo, na siku ya kusimikwa mkewe alikuwa naye, kwa kuwa mzigo ule uliwaangukia wote wawili. Wenye ugomvi huja usiku, huja na njaa, huja na siri. Mke asiyeweza kupokea mgeni na kufunga mdomo angeiharibu kazi ya mumewe kwa siku moja. Kwa hiyo kuitunza familia na kukitumikia kilima yalikuwa jambo moja, na la kwanza lilikuwa ushahidi wa la pili.

Wakili wa leo hupimwa kwa njia nyingine. Huulizwa shahada yake, kiapo chake na jina lake katika orodha ya chama cha mawakili. Hakuna amwulizaye anaishi vipi kwake. Na yapo ya kumtosha kusoma. Kanuni ya watu na familia iliandikwa mwaka 1980, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1993. Humo ndimo ilimowekwa miaka 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanamume kabla ya kuoana, na humo ndimo ndoa ya wake wengi ilimopigwa marufuku. Mume ametajwa kuwa mkuu wa familia, lakini asipokuwepo mke hushika nafasi yake.

Hapo ndipo kazi ya wakili wa mtaani inapoanza. Buyenzi ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, na wapo wanawake walioolewa kwa nikaha tu, mbele ya shehe na mashahidi, wakaona yametosha. Mbele ya serikali hayakutosha. Mwaka 2017, serikali ilipowataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya sheria wawe wameiandikisha kabla ya Desemba 31, wengi ndipo walipojua kwamba kwenye vitabu vya tarafa wao si wake wa mtu. Aliyekuwa mke wa pili hakuwa na pa kujiandikisha. Wakili mwema hamlaumu mama wa namna hiyo. Humwuliza kwanza habari za watoto: je, baba yao amewakiri? Wameandikishwa? Mara nyingi hilo ndilo linaloweza kuokolewa.

Suala zito kuliko yote, hata hivyo, ni ardhi. Kanuni inaeleza jinsi ya kuoana na jinsi ya kuachana, lakini urithi imeuachia mila. Kwa mila, itongo, yaani ardhi ya baba, ni la wana wa kiume. Mabinti huweza kukatiwa kipande kiitwacho igiseke, wakakilima na kula mazao yake, lakini si chao cha kuuza wala cha kurithisha. Mswada wa sheria ya urithi uliandaliwa katika miaka ya 2000, ukakwama. Wakili anayemtetea binti hukimbilia kwingine: katiba inayosema raia wote ni sawa, na mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992. Wapo mahakimu waliozikubali hoja hizo, na wapo waliorudi kwenye mila. Kesi mbili zinazofanana huweza kutoka na hukumu mbili.

Kwa sababu hiyo, wakili mwenye busara hupenda shauri liishe kabla ya kufika mahakamani. Huitisha baraza la familia, ambalo sheria yenyewe inalitambua, akawakalisha kaka na dada kwenye mkeka mmoja. Hukaa pia na viongozi wa mtaa. Sheria ya tarafa ya 2005 iliwapa bashingantahe nafasi pembeni ya wajumbe waliochaguliwa. Ile ya 2010 ikaiondoa. Wazee hawakuacha kuitwa, ila sasa huitwa kwa heshima tu.

Tusiwapambe wazee hao kupita kiasi. Kwa karne nyingi fimbo haikupewa mwanamke kwa nafsi yake, wala mtu wa jamii ya Watwa. Na ile pombe ya shukrani, agatutu k'abagabo, pole pole iligeuka ada, ikawa mjane asiye na kitu hasikilizwi. Wakili aliletwa na haja ya haki isiyonunuliwa kwa mtungi wa pombe. Akigeuka kuuza maneno yake kwa mwenye nyumba kubwa, ameurudisha mtungi ule kwa jina jingine.

Lakini kipimo kile cha nyumba tusikitupe. Maadamu urithi haujaandikwa, hakuna sheria ya urithi inayomlazimisha wakili kugawa sawasawa itongo la baba yake mwenyewe. Mchana anaweza kuinua katiba mahakamani kwa ajili ya binti wa mtu, na jioni akarudi kilimani kwao akamkatia dada yake igiseke. Hilo halitaandikwa katika jalada lolote, ila majirani watalijua. Kwa hiyo, msomaji, ukimtafuta wakili wa shauri la familia, usiulize tu ameshinda kesi ngapi. Uliza baba yake alipofariki, dada zake walipata nini.

Sehemu ya nne: mjane, shemeji zake na nyumba iliyobaki.