Kuchagua Propela ya Chombo cha Tanga: Utangulizi

Ukiikagua propela ya mashua ya tanga yenye injini ya dizeli, huenda ukakuta namba mbili zimegongwa kwenye kitovu chake, tuseme 15 x 10. Ukizielewa hizo, umeshika msingi wa somo hili, nami nina hamu kubwa ya kukuelezea.

Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga propela ikizunguka. Ya pili ni hatua: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skurubu inavyopenya ubao. Zote mbili hupimwa kwa inchi.

Wanaoanza hukimbilia kuuliza injini ina nguvu kiasi gani. Nakusihi uanze na chombo chenyewe. Kinapokwenda hujitengenezea wimbi, na wimbi hilo hurefuka kadiri mwendo unavyoongezeka. Likianza kuupita urefu wa chombo, tezi hudidimia bondeni mwa wimbi, na nguvu yoyote utakayoongeza huishia kusukuma maji tu. Kikomo hicho hukadiriwa hivi: pima kwa futi urefu wa chombo pale kinapogusana na maji, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Chombo cha futi 25 hupata noti 6.7. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85.

Sasa tuje kwenye hatua. Tuseme injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na giaboksi inapunguza mizunguko hiyo kwa nusu, hivyo shafti inazunguka mara 1,500. Kwa hatua ya inchi 10, propela ingesafiri futi 1,250 kwa dakika, sawa na noti 12.3 hivi. Hapa wengi hushtuka: mbona chombo kinaishia 6.7? Usidhani umekosea hesabu. Maji si ubao; propela husukuma chombo kwa kuyatupa maji nyuma, na tofauti hiyo, ambayo huitwa mtelezo, ndimo msukumo unamopatikana. Kwa vyombo vizito vya tanga, mtelezo wa asilimia 40 hadi 50 ni wa kawaida.

Kuhusu kipenyo, propela pana inayozunguka polepole hufanya kazi vizuri kuliko ndogo yenye kasi. Hata hivyo, acha nafasi kati ya ncha za mapanga na mbao za chombo, angalau asilimia 10 ya kipenyo, la sivyo chombo kitatetemeka.

Hakimu wa mwisho ni injini. Nenda kwenye maji ya kina, chombo kikiwa kimesafishwa chini, ufungue mafuta hadi mwisho. Injini ya 3,000 ikigoma kwenye 2,600 na kutoa moshi mweusi, imebebeshwa propela kubwa mno. Ikipita 3,000 kwa urahisi huku chombo kikivuta polepole, propela ni ndogo. Kabla ya kununua nyingine, muulize fundi wa propela: ya shaba nyeusi mara nyingi huweza kukunjwa mapanga yake ili hatua ipungue au iongezeke kwa inchi moja.