Safari ya gari kupita porini: tujiandae namna gani?

Kiangazi kikifika safari huwa nyingi vigangoni kwetu. Kwaya zinaalikana, vijana wanafunga ndoa, na ndugu wanaoishi mbali wanataka kutembelewa. Familia nne au tano za Nyabibuye huchanga fedha, hukodi Land Cruiser moja na kuondoka alfajiri. Barabara kuu inayopita Kakonko, Kibondo na Kasulu kwenda Kigoma sasa ina lami sehemu kubwa. Lakini ukiiacha ile lami na kushika njia za mashariki, kuelekea mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, unaingia katika nchi ya pori, tope na mbung'o. Huko zahanati iko mbali na simu haishiki.

Watu wengi husema, "Ajali haina kinga." Sisi wauguzi tunaopokea majeruhi na wagonjwa wa safari hatukubaliani sana na msemo huo. Mengi tunayoyaona wodini yangeweza kuzuiwa siku tatu kabla gari halijawashwa. Ndiyo maana mwezi huu tunaeleza namna ya kupanga safari ya namna hiyo.

Kwanza, tuombe ruhusa

Pori si mali isiyo na mwenyewe. Pori la Akiba la Moyowosi linalindwa kwa sheria, na kuingia bila kibali ni kosa. Anayekamatwa humo hupoteza siku nyingi na fedha nyingi. Bonde lote la Malagarasi na Muyovozi lilitambuliwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Tanzania. Ulizeni mapema ofisi ya wanyamapori njia ipi inaruhusiwa. Kambi ya wakimbizi nayo haiingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hata kama una ndugu humo. Mkipita au kulala katika kijiji cha watu, pigeni hodi kwa Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Australia, wenyeji wa asili, yaani Waaborijini, wana maeneo makubwa ya jangwa na pori ambayo ni yao kisheria. Katika Northern Territory sheria ya mwaka 1976 iliwarudishia haki ya ardhi, na mgeni anayetaka kupita na gari lake katika ardhi hiyo huomba kibali kwanza. Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao. Mgeni mwenye adabu huuliza.

Ruhusa ina faida ya afya pia. Mwenyeji aliyewapokea ndiye atakayewaambia mto upi umejaa, kisima kipi kina maji safi, na zahanati ya karibu iko wapi. Na gari lisipofika, yeye ndiye atakayejua kwamba kuna watu wa kutafutwa.

Nani asafiri, nani abaki

Kabla ya kuhesabu viti, hesabuni afya za watu.

(a) Mama mjamzito aliyeingia mwezi wa nane na kuendelea asiende porini. Uchungu hausubiri gari kutoka kwenye tope. Mama aliyewahi kupasuliwa, kutokwa damu nyingi au kupata kifafa cha mimba asiende hata kabla ya mwezi huo bila kuonwa kliniki.

(b) Mtoto mwenye homa au anayeharisha abaki nyumbani, na mmoja wa wazazi abaki naye.

(c) Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, kifua kikuu, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, achukue dawa za siku zote za safari na za siku saba zaidi. Dawa zikae katika mfuko wa mkononi, si chini ya magunia. Anayetumia insulini aiweke kwenye chombo cha udongo kilichofungwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli.

(d) Kila mtoto aende na kadi yake ya kliniki. Angalieni kama chanjo zake zimekamilika.

Maji na chakula

Mtu mzima anahitaji kiasi cha lita 5 za maji kwa siku kwa kunywa na kupikia. Fanyeni hesabu: watu 6 kwa siku 2 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ongezeni dumu moja kwa ajili ya siku ambayo hamkuipanga. Maji ya radieta yawe na dumu lake la pekee.

Chemsheni maji hadi yatokote, au yatieni dawa ya klorini kama maelezo ya pakiti yanavyosema. Maji ya bwawa yanayoonekana meupe yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na kuyaogelea kunaweza kuleta kichocho. Chukueni vyakula visivyoharibika upesi: karanga, mihogo mikavu, ndizi za kuchoma, mahindi. Nyama iliyopikwa jana na kufunikwa garini kwenye joto msile.

Mbung'o na malale

Hapa tunawaomba wasomaji wasome polepole. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huuma mchana. Hufuata kitu kinachotembea, hasa gari, na hupenda rangi nyeusi na ya bluu iliyoiva. Huweza kuuma hata kupitia nguo nyepesi, na dawa za kujipaka za kufukuza mbu hazimzuii vizuri. Vaeni nguo nzito kiasi, za mikono mirefu, za rangi ya udongo au kijivu. Katika sehemu zenye mbung'o fungeni vioo vya gari, na msisimame chini ya vichaka kupumzika.

Wazee wa Buha wanaikumbuka malale. Wakati wa utawala wa Waingereza watu wa sehemu za pori walihamishwa na kukusanywa katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa huo. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, na kwa sababu hiyo ugonjwa unasahaulika.

Tulipata kumpokea baba mmoja mrina asali. Mke wake ndiye aliyemleta. Alikuwa na homa ya kuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, na mara tatu alikuwa amemeza dawa ya malaria bila kupimwa. Mke wake alituambia, "Mama, mume wangu analala mchana kama mtoto mchanga, na usiku anazunguka uani akizungumza peke yake. Watu wanasema amerogwa." Tulimuuliza yule baba swali moja: "Baba, miezi hii miwili ulikuwa wapi?" Akajibu kwamba alikwenda porini kwa gari na wenzake, na mbung'o waliwauma sana. Damu yake ilipotazamwa kwa darubini, vimelea vilionekana. Alipelekwa kwenye hospitali kubwa, akatibiwa muda mrefu, akapona. Mwenzake waliyekaa naye kiti kimoja garini alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyejua alikufa kwa nini.

Malale ya Afrika Mashariki huenda haraka. Huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa. Pengine pale alipouma mbung'o panakuwa na uvimbe mwekundu wenye maumivu. Hufuata homa, kichwa kuuma, tezi kuvimba na viungo kuuma. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo: usingizi unageuka, akili inachanganyikiwa, na bila matibabu mgonjwa hufa katika muda wa miezi. Zamani, ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, tulitegemea sindano ya melasoproli, yenye arseniki ndani yake, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa ugonjwa wa aina hii. Tiba imekuwa nyepesi kuliko zamani, lakini haimsaidii mtu ambaye hakupimwa.

Mbu nao wasisahauliwe. Kila anayelala porini alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama ni chini ya mti au ndani ya hema.

Gari na mizigo

Gari lenye nguvu ya magurudumu manne huwapa watu kiburi. Linaweza kuingia mbali zaidi, na kwa hiyo likikwama linakwama mbali zaidi. Mwombeni dereva awaonyeshe vitu hivi kabla ya kuondoka: tairi mbili za akiba zenye upepo, jeki, spana, jembe, panga, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, kamba nene ya kuvutia na tochi. Gari linalotumia lita 15 za dizeli kwa kilomita 100 za barabara nzuri linaweza kutumia 25 kwenye tope. Hesabuni mafuta kwa tope, si kwa lami.

Mafuta ya akiba yakae nje ya sehemu ya abiria, katika madumu yanayofungwa vizuri. Msiweke kamwe dizeli, petroli au mafuta ya taa katika chupa ya maji au ya soda. Kila mwaka kuna watoto wanaoyanywa kwa kudhani ni kinywaji. Ikitokea, msimtapishe mtoto wala msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali, maana mafuta yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Abiria wote wakae ndani, wafunge mikanda. Asipande mtu juu ya mizigo wala kuning'inia nyuma. Mzigo mzito ufungwe kwa kamba, kwa sababu gari likipinduka gunia la mahindi huua. Msisafiri usiku, na ulizeni kituo cha polisi hali ya usalama wa njia.

Mkikuta mto umejaa, subirini. Maji yaendayo kasi yanayofika magotini humwangusha mtu mzima, na yakizidi kidogo hulisukuma gari. Mvua ikikatika, mito mingi midogo hushuka baada ya saa chache.

Sanduku la huduma ya kwanza

Sanduku lisiwe na mambo mengi. Muwe na sabuni, bendeji, pamba na vitambaa safi, plasta, mkasi, glavu, vidonge vya parasetamoli, pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na vidonge vya zinki kwa watoto. Pakiti zikiisha, changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Jeraha linalotoa damu, likandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika kumi. Mguu uliovunjika, ufungeni kwenye mti ulionyooka kabla ya kumsogeza mgonjwa. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kisitikisike, naye abebwe. Msikate, msinyonye, msikaze kamba, wala msipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Dawa iko hospitalini.

Gari likikwama

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu mmoja nyumbani karatasi yenye majina ya abiria wote, njia mtakayopita, na saa mtakayofika. Mkubaliane hivi: "Ikifika kesho saa sita mchana hamjatusikia, anzeni kututafuta."

Mkikwama, msitawanyike. Gari huonekana upesi kuliko mtu, na lina kivuli na maji. Wanaopotea ni wale wanaoondoka wawili wawili kutafuta msaada katika njia wasiyoijua. Gaweni maji kwa utaratibu, watoto na wagonjwa wakitangulia. Usiku msilale ndani ya gari lililofungwa vioo huku injini ikinguruma, kwa maana moshi wake huua watu usingizini bila harufu kali.

Mkirudi nyumbani

Safari haiishi siku mnaporudi. Kwa muda wa miezi miwili, yeyote kati yenu akipata homa, aende zahanati akapimwe damu. Asinunue dawa ya mseto dukani kwa kubahatisha. Na hata asipoulizwa, aseme mwenyewe: "Nilikuwa porini, niliumwa na mbung'o." Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale, mpaka damu itazamwe kwa darubini. Kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu na homa inaendelea, ombeni kupelekwa hospitali.

Zaidi ya hayo, mmoja akionekana kuwa na malale, wote waliokuwa katika gari hilo waitwe wapimwe. Ile karatasi ya majina mliyoiacha nyumbani itawasaidia hapo. Itunzeni. Yule mrina asali na wenzake hawakuwa na karatasi kama hiyo. Alipopona, ilimbidi azunguke mwenyewe kijiji hadi kijiji, akiuliza ni nani mwingine aliyekuwa nao garini siku ile.