Kuhifadhi si Kufahamu

Hapa Buhembe vijana wa sekondari hutujia jioni, madaftari yao yamejaa majina ya mbinu za riwaya: tashibiha, tashihisi, istiara. Wameyahifadhi, maana hawana. Tukawauliza: Marehemu Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza. Humo Karama ashtakiwa kwa kufundisha sheria. Kwa nini nchi hiyo iliwekwa angani? Wakanyamaza. Kisha binti mmoja akajibu, "Maalim, wenye nchi ya ardhini wangemfunga." Hapo istiara ikafahamika kwa wote.

Sisi tuliishia shule ya msingi, lakini chuoni twajua kuhifadhi pasipo kufahamu ni nusu ya elimu. Wazazi, waulizeni watoto: mwandishi aliitumia mbinu hiyo kwa haja gani?