Mlevi Asiye na Pa Kulala: Huruma Iende Pamoja na Maarifa



Sisi wa Ngara tunajua maana ya kumpokea mgeni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku chache, wakapiga kambi Benaco. Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanazikumbuka siku zile.

Lakini yupo mwingine anayehitaji kupokelewa, naye ni mtoto wa hapahapa. Analala barazani mwa duka. Shamba aliliuza, mke alirudi kwao, ndugu wamechoka. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate gongo au pombe ya ndizi. Mwezi huu tujiulize: jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ikitaka kumsaidia mtu huyu, ianzie wapi?

Kosa linaloweza kuua

Mara nyingi wenye nia njema husema: "Tumfungie chumbani siku tatu, pombe imtoke." Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Mwili wa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu umeizoea pombe. Ikikatwa ghafla, ubongo unashtuka. Kati ya saa 6 na 24 huanza kutetemeka, jasho, kutapika, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo na kupata homa. Asipotibiwa, anaweza kufa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpeleka kituo cha afya au hospitali kabla hajaacha. Mweleze mganga ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na kama amewahi kupata degedege. Mganga anaweza kumpa dawa ya kutuliza, na kuipunguza siku hadi siku. Atampa pia vitamini B1, kwa sababu mlevi asiyekula vizuri huipungukiwa, na upungufu huo huharibu ubongo. Msimnunulie dawa za usingizi dukani. Zikichanganyika na pombe huweza kuzuia pumzi.

Mtawa wa Akron

Kuna mtawa aliyetuonyesha njia. Sista Ignatia Gavin alikuwa karani wa kupokea wagonjwa katika hospitali ya St. Thomas, mjini Akron, Marekani. Enzi hizo hospitali nyingi zilikataa walevi. Mwaka 1939, kwa kushirikiana na Daktari Robert Smith, ambaye mwenyewe alikuwa ameacha ulevi mwaka 1935, alianza kuwalaza kama wagonjwa wengine. Mmoja wa kwanza alifichwa katika chumba cha kutayarishia maua.

Daktari alishughulikia mwili. Watu waliokwisha kuacha pombe walikuja kuketi kando ya kitanda na kusimulia yao, bila malipo. Mgonjwa alipoondoka, Sista alimpa beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa sharti moja: akitaka kunywa tena, kwanza airudishe.

Njia hiyo haina mipaka ya dini. Zanzibar, ambako wengi ni Waislamu, tangu mwaka 2009 zimekuwepo nyumba za upataji nafuu, ambamo walioacha dawa za kulevya huwasaidia wenzao.

Kazi ya mwenye kujitolea

Msamaria mwema wa Injili ya Luka hakumtibu majeruhi peke yake hadi mwisho. Alimfunga majeraha, akamfikisha penye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Hata sisi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, nendeni wawili wawili, na mwanamke asiende peke yake. Anzeni na uji, mahubiri yangoje. Msimpe fedha mkononi. Lipeni wenyewe nauli na dawa.

Pili, kabla hajatoka hospitali, tafuteni mahali pa kulala. Mtu aliyepona akirudi barazani, jirani ya kilabu, matibabu yamepotea. Ongeeni na ukoo wake. Ndugu waliomkataa mlevi huenda wakampokea mgonjwa, hasa wakiona jumuiya iko nyuma yake.

Tatu, mpeni kazi yenye heshima, kama kupalilia migomba au kufyatua matofali. Asipewe kazi ya kukamua pombe. Kwenye arusi na matanga awepo wa kuketi naye, na awekewe chai au maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka. Asidhihakiwe kwa kukataa kibuyu. Katika Misa, Komunyo kwa umbo la mkate peke yake ni kamili, hahitaji kugusa divai.

Nne, mtafuteni hapa kijijini mtu aliyeacha pombe miaka mingi. Neno lake lina uzito kuliko letu.

Akianguka tena

Wengi huanguka, hata mara nyingi. Hapo ndipo wenye kujitolea hukata tamaa na kusema, "Tumepoteza muda bure." Lakini ulevi wa namna hii ni ugonjwa wa kudumu. Mwenye shinikizo la damu akiacha dawa na kuzidiwa, hatumfukuzi. Mwiteni tena, na kama amekunywa siku nyingi mfululizo, mrudisheni kwa mganga kwanza. Nanyi mpokezane zamu, ili mzigo usimwelemee mtu mmoja.

Jumapili hii, baada ya Misa, mpitie barazani. Muulize jina lake. Pengine ni miaka mingi hajaitwa kwa jina lolote isipokuwa "mlevi".

Mungu awabariki.