Serikali Inapotuuliza Habari za Shule, Tujibuje?



Mwezi Mei 2023 nilibandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya parokia yetu, huku Mbagala. Lilisema kwamba Serikali yataka maoni ya wananchi juu ya rasimu ya Sera ya Elimu na ya mitaala mipya. Nilipiga misumari minne, nikarudi mezani pangu kujaza vyeti vya ubatizo. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja auzaye maandazi upande wa Rangi Tatu. Alikuwa amesomewa tangazo lile na binti yake. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nina neno la kusema juu ya shule, lakini mkono wangu si mwepesi wa kuandika. Niandikie." Siku hiyo kazi zilikuwa nyingi. Nikamjibu, "Mama, hayo wameulizwa wasomi." Akasema, "Haya, baba," akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Majuma kadhaa yakapita. Nilimkuta njiani, nikamwuliza kwa aibu kidogo, neno lake lilikuwa nini. Alinieleza hivi. Ana watoto wawili, wamelala nyumba moja, wamekula chungu kimoja, wamesoma shule moja. Mkubwa alianza kwa zamu ya asubuhi. Alipomaliza darasa la pili alisoma barua ya shangazi yake bila kukwama. Mdogo aliangukia zamu ya mchana. Sasa yu darasa la tatu na bado anaunga herufi. "Mchana bati linawaka," alisema. "Tena mtoto ameamka alfajiri pamoja nami, ametumwa maji, ametumwa dukani, amecheza. Akiingia darasani amekwisha kuchoka. Basi nauliza: ni huyu wangu tu, au ni watoto wote wa mchana?"

Wakati huo muda wa kupokea maoni ulikuwa umekwisha.

Mimi nimepita chuo cha ualimu. Huko tulifundishwa kwamba utafiti wowote huanza na swali jema, na kwamba swali jema ni lile linaloweza kuchunguzwa na kujibiwa. Mama yule alikuja nalo mkononi, nami nikamfungia mlango. Ndiyo sababu naandika habari hizi, ili mwenzangu asifanye nilivyofanya mimi.

Wachunguzi wa elimu ni majirani zetu

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya elimu huchunguzwa mahali pa mbali tusipopajua. Sivyo. Pale Mikocheni, katika Manispaa ya Kinondoni, ipo Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Hiyo ndiyo inayotunga mitaala na kusimamia vitabu ambavyo watoto wetu hubeba mgongoni. Pale Kijitonyama ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa mwaka 1986, yenye kazi ya kuratibu utafiti katika nchi nzima. Wapanda daladala wanapajua sana, maana kituo chake huitwa Sayansi. Na sisi wa Temeke tunacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, tangu mwaka 2005. Kinafundisha walimu na kufanya uchunguzi juu ya ufundishaji.

Vyombo hivi vyote ni vya umma. Mama wa maandazi analipa kodi katika sabuni, katika mafuta ya kukaangia, na katika vocha ya simu. Kwa hiyo akitoa neno lake hajiingizi katika mambo ya watu. Anazungumza na watu anaowagharimia.

Tena Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21, yasema kwamba kila raia anayo haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake, au taifa. Haikusema kila msomi. Imesema kila raia.

Si mara ya kwanza kuulizwa

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu chini ya Bwana Jackson Makweta. Tume ilikusanya maoni, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1982. Neno lake moja lilikuwa kubwa: ilipendekeza kwamba kuanzia mwaka 1985 Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika kidato cha kwanza. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Kiingereza kikaendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mabishano yale hayajakwisha hata leo.

Huenda msomaji akasema, "Unaona? Watu wanaulizwa, kisha wanaachwa." Twaelewa uchungu huo. Lakini tuangalie vizuri. Kutoa maoni si kutoa amri. Serikali hupima mengi, nayo inaweza kukataa. Ila anayeuliza ana deni moja: kurudi kwa aliyemwuliza na kumwambia, "Neno lako tulilisikia, na hii ndiyo sababu ya kulikubali au kulikataa." Pasipo jibu, watu huchoka. Na wakichoka, hata siku wakiulizwa kwa moyo mweupe hunyamaza.

Maoni na uchunguzi ni ndugu wawili

Pengine mtu atasema kwamba maneno ya wazazi ni manung'uniko tu, tuwaachie wataalamu. Mwingine atasema wataalamu hawajui lolote, wazazi watosha. Wote wawili wamekosea.

Mwaka 2010 mradi uitwao Uwezo ulitoa matokeo yake ya kwanza hapa nchini. Watu wa kawaida waliojitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu nyepesi. Ikaonekana kwamba katika watoto watano waliomaliza shule ya msingi, mmoja hakuweza kusoma hadithi ile ya Kiswahili. Na kwa Kiingereza nusu yao walishindwa. Jambo hili wazazi wengi walikuwa wakilinong'ona majumbani. Lilipohesabiwa, likawa neno ambalo hakuna awezaye kulipuuza.

Kwa upande wa pili, uchunguzi huweza kusahihisha tulichokiona wazi. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika uchunguzi ulioitwa KiuFunza, katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa fedha, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine, walimu waliahidiwa zawadi kwa kila mtoto atakayefaulu. Nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu, ili zilinganishwe. Mimi ningeulizwa mapema, ningeapa kwamba fedha peke yake zitainua shule. Haikuwa hivyo: fedha peke yake hazikuonekana kuinua kufaulu kwa watoto. Zilipokwenda pamoja na zawadi kwa walimu, watoto walijifunza zaidi.

Basi mzazi huleta swali, naye mchunguzi hulipima. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi amekilalia kitanda. Mchunguzi anayo taa ya kuwatafuta kunguni. Wakitengana, usingizi hautapatikana.

Swali lililo mbele yetu sasa

Sera mpya, yaani Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Februari 2025 kule Dodoma. Mitaala mipya ilikwisha kuanza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa. Kwa sera hii elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi.

Sasa tuhesabu kwa vidole. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Yule mtoto mdogo wa mama wa maandazi, aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2023, ni mmoja wa hao.

Je, huku pembezoni mwa Dar es Salaam watakaa wapi? Mkoa wetu ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na manispaa ya Temeke peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Tangu ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, Januari 2016, watoto wamejaa shuleni, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kama wingi huo utatufanya tuwaweke watoto wa sekondari katika zamu, basi swali la mama yule si la nyumba yake tena. Ni swali la mji mzima, nalo lataka kuchunguzwa kabla ya 2028, wala si baada yake.

Namna ya kutoa maoni yafaayo

Kwanza, usiseme "shule zetu ni mbaya." Sema ulichokiona. Ni darasa la ngapi? Wako watoto wangapi katika chumba? Kitabu kimoja husomwa na wangapi? Mtoto hutoka nyumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Pili, linganisha, kama mama yule alivyolinganisha asubuhi na mchana. Kulinganisha ndiko kunakomwonyesha mchunguzi pa kuanzia.

Tatu, usiende peke yako. Ipo kamati ya shule, ambayo wazazi wamo. Upo mkutano wa mtaa. Yupo Afisa Elimu Kata. Neno likipita katika mkutano na kuandikwa katika kumbukumbu, huwa na miguu ya kutembea.

Nne, andika tarehe na jina, uweke nakala. Kisha, baada ya miezi michache, uliza kwa adabu limefikia wapi.

Na wewe unayejua kuandika, uwe karani, mwalimu au kijana wa sekondari, mwazime mwenzako mkono wako. Usimpe maneno yako, andika yake.

Nao wanaouliza

Wakubwa wetu nao tunawaomba mambo machache. Rasimu ikiwekwa katika tovuti tu, wengi hawaioni. Isomwe pia katika mikutano ya mitaa, kwa Kiswahili chepesi, na muda uwe wa kutosha. Tena vipo Vituo vya Walimu, ambako walimu wa shule za jirani hukutana kujiendeleza. Kwa nini visiwe pia mahali pa kupokea maswali ya wazazi? Mchunguzi wa Chang'ombe au Mikocheni akifika hapo mara moja kwa muhula, angerudi na kazi ya mwaka mzima. Na kila kanda ikiwa na watu wake wa kuchunguza, maswali ya Mbagala hayatachanganywa na ya wafugaji wa Simanjiro, maana shida zao si moja.

Wenzetu wa Marekani wamekuwa na maabara za elimu za kanda tangu mwaka 1966, zikilipwa na serikali yao. Mwezi Februari 2025 serikali hiyo ilivunja mikataba ya maabara zote 10. Kisha, baadaye mwaka huohuo, ikawaomba watu maoni juu ya namna ya kuujenga upya utafiti wa elimu. Nasi tujifunze hapo. Chombo ambacho wazazi wanakijua na kukitumia kina watu wa kukiulizia siku kikitikiswa. Kisichojulikana, nani atauliza kimekwenda wapi?

Barua ya mama wa maandazi

Mwishowe niliiandika barua yake. Alikaa kwenye benchi la ofisi, akasema polepole, nami nikaandika kama alivyosema. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilitaka kuongeza maneno mawili matatu ya chuoni, akanikatalia: "Hayo siyo niliyosema." Jina lake alitia mwenyewe, herufi kwa herufi. Tukaipeleka kwa kamati ya shule. Nakala moja imo katika faili langu. Ya pili ameiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.

Jibu bado hatujalipata, nasi tutakwenda kuliuliza. Ila tangu siku ile, kila tangazo la namna hii likifika, silibandiki ubaoni mpaka nimelisoma kwa sauti mbele ya watu, na kuuliza nani anataka kuandikiwa.

Wasomaji, siku mtakayoulizwa tena msinyamaze, mkasema hayo ni ya wasomi. Mficha uchi hazai. Semeni mliyoyaona, na mhesabu vizuri.