Maegesho Makubwa Hayaijazi Treni

Kila panapozungumzwa treni za abiria wa Nairobi, swali huwa lile lile: mbona stesheni haziongezewi maegesho? Mfano unaotolewa ni Syokimau, stesheni iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012 karibu na Barabara ya Mombasa, ikiwa na uwanja ambapo mtu huacha gari lake na kupanda treni hadi katikati ya jiji. Wanaouliza wanaamini kwamba uwanja ukipanuliwa maradufu, abiria nao wataongezeka maradufu na foleni barabarani itapungua. Imani hiyo ni potofu, na gharama yake ni ardhi ambayo haitarudi.

Hesabu ni nyepesi. Gari moja huhitaji nafasi ya takriban mita 2.5 kwa 5. Ongeza njia za kupitia, mahali pa kugeuzia na lango, na kila gari linakula kati ya mita za mraba 25 na 30. Hekta nzima, basi, inatosha magari kama 350. Mengi huja na mtu mmoja tu na hushinda pale mpaka jioni. Treni ya mabehewa kumi, kila behewa likiwa na watu 100, hubeba watu 1,000. Kuijaza hiyo moja kwa wenye magari kunataka karibu hekta tatu, sawa na viwanja vinne vya kandanda. Treni ya pili itajazwa na nani? Uwanja umeshajaa, na dereva anayechelewa kufika anageuza gari na kurudi kwenye foleni ile ile.

Ghorofa zikijengwa kwenye hekta hizo tatu, mamia ya familia yataishi hapo na kufika stesheni kwa miguu asubuhi, mchana na usiku. Uwanja wa magari huwasukuma watu hao mbali na reli, kisha huwadai wanunue gari ili waifikie.

Na foleni? Uingereza ina uzoefu wa miaka mingi. Oxford imekuwa na maegesho ya kudumu ya aina hii, yanayounganishwa na mabasi, tangu 1973. Mtafiti Graham Parkhurst alipochunguza mipango kama hiyo nchini humo, aligundua kwamba baadhi ya watumiaji walikuwa zamani wakisafiri kwa basi safari nzima. Maegesho yaliwashawishi waendeshe gari hadi pembezoni mwa mji. Magari yalipungua katikati, yakaongezeka nje. Matokeo hayo yamechapishwa tangu miaka ya 1990, na hakuna sababu ya kuendelea kuyapuuza.

Lililo muhimu zaidi ni mpangilio, na hapo ndipo michoro mingi huharibika. Asubuhi magari huingia mojamoja kwa muda mrefu. Jioni treni huwashusha watu wote kwa dakika chache, na madereva, bodaboda, matatu na watembea kwa miguu hukimbilia njia moja. Lango moja la kutokea, lenye mtu wa kukusanya malipo, huzuia kila kitu. Malipo yafanywe kwa simu kabla ya hapo, na watembea kwa miguu wapewe njia yao isiyokatiza ya magari.

Yanayofaa kufanywa yanajulikana. Karibu kabisa na jukwaa ziwekwe nafasi za watu wenye ulemavu; kisha steji ya matatu, mahali pa bodaboda na sehemu ya kushusha abiria; magari ya kushinda yakae mbali zaidi, na wenyewe walipie. Mistari ya magari ielekee stesheni, ili mtu atembee moja kwa moja bila kujipenyeza kati ya bampa. Baiskeli kama kumi hutosha katika nafasi ya gari moja: ziwekewe paa na mlinzi. Wanaotoka maeneo yasiyofikiwa na matatu wabakiziwe maegesho ya kiasi.

Wakazi wanaojiandaa kwa mkutano ujao kuhusu stesheni yao waulize kwanza njia ya miguu iko wapi, ina taa ngapi, na mvua ikinyesha inapitika au la.