"Mwalimu, Nimechoka"

Jirani yangu mmoja hapa Nambale, mkulima wa miwa ambaye nimekua naye tangu utotoni, alinijia jioni moja ya mwaka 2019 akaketi kibarazani kimya. Chai ilikuwa imekwisha kupoa mbele yake ndipo aliponiambia, "Mwalimu, nimechoka." Nami niliyewafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 30 nikamjibu kwa methali. Nilimwambia baada ya dhiki faraja, nikampa shilingi 200 za unga, nikamsindikiza hadi njia panda. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema. Siku ya tatu nikapata habari kwamba amejaribu kujitoa uhai na yuko hospitalini.

Alipona, Mungu apewe sifa. Lakini kabla hajaweza hata kusimama, askari alikuwa ameketi kando ya kitanda chake. Shtaka liliachwa baada ya wazee kwenda kumwombea, ila kijiji hakikumwachilia. Sokoni watu walimkwepa. Alipopita njiani, akina mama waliwaita watoto wao ndani, kana kwamba huzuni yake ilikuwa ndui.

Huyo askari hakujituma mwenyewe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake ingeweza kufikia kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe waliifuta yao mwaka 1961, miaka miwili kabla ya bendera yetu kupandishwa. Sisi tukaendelea kuitunza kama urithi wa babu. Ilitubidi tungoje hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinambagua mgonjwa, kinamvunjia heshima na kumnyima haki yake ya afya.

Desturi nayo haikuwa na huruma kuliko sheria. Nilipokuwa mtoto, nilimwona mtu aliyejiua akizikwa usiku, bila maombolezo, na jina lake halikutajwa tena katika ukoo. Pengine wazee walikusudia kuwatisha walio hai wasifuate njia hiyo. Walichofanikiwa kukifanya ni kuwafunga midomo. Ikiwa sheria itakushtaki, na ukoo utalizika jina lako, na rafiki yako mwalimu atakupa methali na pesa za unga, utamwambia nani?

Jirani yangu aliwatafuta wenzake. Mmoja ni kijana wa bodaboda aliyelemewa na mkopo wa pikipiki. Mwingine ni mama mjane, mchuuzi wa omena, ambaye shemeji zake walilitwaa shamba alipokwisha kuzikwa mumewe. Sijui walitambuanaje, nadhani mwenye kidonda huijua harufu ya kidonda. Hukutana kila Jumapili jioni chini ya mwembe na kuzungumza hadi giza liingie. Baada ya miaka miwili jirani yangu alinialika niketi nao, kwa sharti moja tu. "Mwalimu," aliniambia, "njoo, ila methali ziache nyumbani."

Nilikwenda nikitarajia vilio. Nilichokuta ni watu wanaoulizana waziwazi, kama watu wanavyoulizana habari za mvua: "Wiki hii mawazo yale yalikuja?" Anayejibu kwamba hayakuja hupongezwa. Anayejibu kwamba yalikuja huulizwa yalikuja lini, na nini kilitangulia. Hakuna anayeshtuka wala kuhubiri. Jioni moja mama yule alisema, "Yalikuja, na bado yapo." Hakuachwa alale peke yake usiku huo. Kijana alimpakia kwenye pikipiki akampeleka kwa dada yake, na jirani yangu akaenda kwa mama huyo kuviondoa vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo. Kesho yake walimsindikiza hospitalini. Neno bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani Busia, kutokana na vijana wa baiskeli waliowavusha wasafiri kati ya Kenya na Uganda. Kijana huyo alinitania kwamba kazi yake haijabadilika: bado anavusha watu.

Najua wapo watakaouliza kama kipofu anaweza kumwongoza kipofu mwenzake, na kama kulitaja jambo hili si kulichochea. Swali la pili lina jibu wazi. Wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa hatimaye amepata pa kuutua mzigo. Kinachodhuru ni kuzungumzia namna ya kufa, na mazungumzo hayo yamepigwa marufuku chini ya mwembe ule. Wao huzungumzia uchungu, na jinsi ya kuifikia asubuhi.

Kuhusu swali la kwanza, tukumbuke yaliyotokea London mwaka 1953. Kasisi Chad Varah alifungua mlango na simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi. Waliofika walikuwa wengi, hivyo akawaweka watu wa kawaida wa kujitolea wawape chai wakati wakimngoja. Baada ya muda akatambua kwamba wengi waliondoka wametulia bila hata kumwona yeye: kusikilizwa na yule mpika chai kulikuwa kumewatosha. Hapo aliwakabidhi watu hao kazi yenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa jumuiya ya Samaritans.

Kama London ni mbali, tuvuke mpaka hapa tu. Mwaka 2002, katika baadhi ya vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye sonona walikusanywa katika vikundi vidogo na kuzungumza mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walioshiriki walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa na vikundi. Waganda wenyewe walikuwa na jina la maradhi hayo, okwekyawa, yaani mtu kujichukia. Nasi tunao wanaojichukia. Tulichokosa ni kuwapa nafasi ya kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba mwembe unatosha. Watu wale watatu wanabebana kwa sababu sisi wengine tuliukataa mzigo, na iko siku wote watatu watakuwa wamechoka kwa pamoja. Mchungaji, chifu, mwalimu na ndugu wa damu hawana budi kujifunza kuuliza lile swali na kunyamaza wasikie jibu. Waganga wa hospitali zetu nao wawapokee wagonjwa hawa kama wanavyompokea mwenye malaria. Na wewe msomaji, ikiwa mawazo hayo yamekujia, mwambie mtu leo hii, au piga simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, isiyotozwa malipo.

Naomba radhi nivunje sharti la jirani yangu kwa methali moja. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa aina hii walikosea. Yeye aulizwe, na aulizwe tena. Sheria imekwisha kumwondoa askari kando ya kitanda. Itakuwa aibu kubwa tukikikalia kiti chake sisi.